Maharagwe ya Mtihani

Kuna watu waliozaliwa wamekaa, na kuna waliozaliwa wamesimama. Mama huyu alikuwa wa hao wa pili. Majirani walimpa jina la Kiguu na Njia, si kwa ubaya, ila kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa mahali mpaka kiti kikapata joto. Akikaribishwa, atakaa ukingoni. Akipewa chai, atainywa huku jicho liko mlangoni. Kabla hujamaliza kumwuliza habari za nyumbani, keshasimama, kakumbuka nguo zilizoanikwa, au jiko, au mtoto ambaye kwa kweli alishakuwa mtu mzima na ndevu zake.

Mume wake, fundi viatu, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni, alikuwa akimtania: "Wewe siku ukizikwa utaamka katikati ya maombi, uende kuangalia kama jiko limezimwa."

"Na nyinyi mtaniruhusu niende," alijibu, "maana mtakuwa hamjalizima."

Kazi yake ilikuwa upishi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa kantini ya karakana moja ya samani, chumba kirefu nyuma ya ghala la mbao. Vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye chumvi. Mafundi walikuwa sabini, na saa sita na nusu ikigonga walikuja wote kwa pamoja, wamejaa unga wa msumeno hadi kwenye nyusi, na kila mmoja alitaka maharagwe yake yawe laini. Fundi akitafuna harage gumu, hasemi na mwenye kampuni, anasema na mpishi. Yeye hakusemwa. Maharagwe yake yaliiva kila siku, kwa wakati, bila kukosa, na siri yake ilikuwa kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, la zamani, maandishi yamefutika, kifuniko kimebonyea. Ndani mlikuwa na magadi. Kantini alikuwa na kopo moja na nyumbani alikuwa na jingine, na mkono wake ulijua kulifikia hata macho yakiwa kwingine. Kijiko kimoja kwenye sufuria inayochemka, povu linapanda, unapunguza moto, basi. Kitu ambacho kingekula saa mbili na nusu kinamalizika kwa saa moja.

Hakujifunza hayo shuleni. Shule aliiacha darasa la sita, mwaka ambao mama yake alilala kitandani na yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa, akawa mama wa wadogo zake wanne. Kuni zilikuwa za kuhesabu. Harage gumu maana yake ilikuwa watoto wanne wanaokaa kuizunguka sufuria kama watu wanaongoja mgonjwa, mpaka mmoja anasinzia na kijiko mkononi. Siku jirani alipomwonyesha magadi, alitia kijiko kimoja, na maharagwe yakaiva kabla kuni hazijaisha. Tangu siku hiyo hakuwahi kupika maharagwe bila magadi. Baadaye alilea watoto watano wa kwake kwa kopo hilohilo, na wa mwisho katika hao watano ndiye aliyemfanya, mwaka huu, asahau kabisa kukaa.

Huyo wa mwisho alikuwa binti. Alikuwa akisoma upishi katika chuo cha mjini, upishi wa kuandikwa kwenye daftari, wenye vipimo na majina. Masomo ya darasani aliyamaliza vizuri. Mtihani wa mikono ndio uliomwangusha. Alirudi nyumbani siku ile na sare yake ikiwa imekunjwa chini ya kwapa, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasema neno moja tu: "Maharagwe ndiyo yameniangusha, mama." Kisha akaingia ndani akalala.

Mama mtu hakuuliza zaidi. Kwake yeye maharagwe yana njia moja tu ya kumwangusha mtu: kukataa kuiva. Akawaona moyoni mwake wasahihishaji wanatafuna, wanatazamana, wanatema pembeni. Wiki tatu nzima picha hiyo ilimfuata kama nzi.

Chuo kilikuwa na sheria yake. Aliyeanguka mtihani wa mikono anarudia mara moja, na akianguka tena ndiyo basi, hakuna cheti. Na cheti kilikuwa kinangojwa. Jiko la hospitali kubwa lilikuwa limekubali kumchukua binti, nafasi ya kudumu, mradi alete karatasi yenye muhuri kabla ya mwisho wa mwezi. Bila karatasi, nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo mtihani wa pili ulikuwa ndio mtihani.

Siku moja kabla, jioni jua lingalipo, binti alikaa kwenye mkeka akachagua maharagwe. Yalikuwa mekundu ya kuiva, yale yanayokaribia weusi. Aliyachagua moja moja, akitoa yaliyokunjamana na yaliyotobolewa, kisha akayaosha na kuyaloweka kwenye bakuli kubwa la kioo, zawadi ya harusi ya wazazi wake ambayo haikuwahi kutoka kabatini.

"Bakuli la kioo kwa maharagwe?" mama mtu aliuliza, akiwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi. "Na ndoo nyeupe ile pale?"

"Ndoo itashika rangi, mama."

"Ndoo ikishika rangi, itakufa?"

"Haitakufa. Lakini rangi haitatoka tena."

"Haya, msomi. Maji si machache hayo?"

"Yanatosha. Vidole vinne juu ya maharagwe."

"Vidole vya nani? Vya kwako ni vyembamba."

Binti alicheka. "Mama, nakuomba. Usiyaguse. Utaniahidi?"

"Niyaguse ya nini? Nina kazi zangu."

Binti akaenda kuoga. Na mama mtu kweli alikuwa na kazi zake. Alifagia, akarudi. Akaanua nguo, akarudi. Akaenda kumwuliza mume wake kama amekula, naye alikuwa anakula. Akarudi. Maharagwe yalikuwa yamekaa ndani ya kioo, magumu na ya kung'aa kama changarawe za mtoni, na maji juu yao yalikuwa meupe, hayajaonyesha dalili yoyote ya kufanya kazi. Aliyatazama. Akasikia maji ya kuoga yakimwagika. Akawaona tena wale wasahihishaji wakitafuna.

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo. Alitia kijiko kizima, akakoroga kwa kidole, akakifuta kidole kwenye gauni, akarudisha kifuniko. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Kisha, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, alipata usingizi.

Asubuhi binti aliondoka mapema, bakuli limefunikwa sahani na kufungwa kwa kitambaa, kalibeba kifuani kama mtoto mchanga. Mama mtu akamsindikiza mpaka kona, akamwombea heri, akaenda kazini kwa miguu miepesi.

Kantini alikuwa na mwenzake mmoja, mwosha vyombo, mjane mnene mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni, ambaye kila mtu pale alimwita Shangazi Povu. Zamani aliosha vyombo hotelini, na hakuacha mtu asahau hilo. Walikuwa wanafanya kazi mgongo kwa mgongo, mmoja jikoni na mwingine kwenye sinki, na waliongea bila kutazamana.

"Leo ndiyo leo kwa mtoto," alisema Povu.

"Saa nne wanaanza. Na leo hayatamshinda."

"Una uhakika gani? Umeota?"

"Sikuota. Nimemsaidia kidogo, yeye mwenyewe hajui." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Jana nimemtilia magadi kwenye maji ya kulowekea."

Nyuma yake, kusugua kulikoma. Povu hakuwa mtu wa kuacha kusugua. Aliwahi kusugua sufuria wakati ghala la jirani linaungua.

"Rudia," alisema Povu.

"Magadi. Kijiko kimoja."

"Wewe mwanamke, umelogwa au umejiloga mwenyewe?"

Akageuka. Povu alikuwa amesimama na sabuni inamtiririka mpaka viwikoni.

"Kwani mara ya kwanza unadhani aliangushwa na nini?"

"Si maharagwe magumu?"

"Magumu wapi! Yaliiva mpaka yakapitiliza. Aliangushwa na sufuria. Alitia magadi vilevile unavyotia wewe, maana ndivyo alivyokuona tangu anatambaa. Sufuria za kule ni nyeupe, zinang'aa, unaweza kuchania nywele ndani yake. Maharagwe mekundu na magadi, juu ya sufuria kama ile! Ikabaki na mkanda mweusi kuzunguka, kama kola ya shati la wiki. Akachukua waya akasugua, ikakwaruzika. Huku maharagwe yenyewe yamepasuka yamekuwa uji. Wakamkata alama huku, wakamkata na kule."

"Nani kakuambia?"

"Yeye. Alikuja hapa wewe ukiwa sokoni, akaniuliza weusi unaondolewaje bila kukwaruza."

"Akuambie wewe, mimi asiniambie?"

Povu alifuta mikono, polepole, jambo ambalo pia si kawaida yake. "Aliniambia hivi: 'Shangazi, mama amelea watoto watano na wadogo zake kwa lile kopo. Leo nikamwambie ndilo lililoniangusha?' Akaniapisha. Mdomo nimeufunga wiki tatu nzima, mimi, Povu! Unajua imeniuma kiasi gani?"

Lakini Kiguu na Njia alikuwa hasikii tena. Alikuwa anatazama sufuria yake kubwa iliyokuwa mezani, tupu, mdomo wazi. Ndani ilikuwa nyeusi. Si uchafu, Povu aliisugua kila siku. Ilikuwa nyeusi tu, ya kijivu cha chuma chini na weusi wa lami kwenye mkanda wa juu, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameitazama akafikiri ndivyo sufuria inavyokuwa ikishakomaa.

Kwenye ndoo kulikuwa na maharagwe ya mafundi, yamelowa tangu jana kwenye maji matupu, kwa kuwa kantini magadi aliyatia wakati wa kuchemsha. Akachota bakuli zima, akalifunika.

"Unakwenda wapi? Na mafundi sabini?"

"Bandika wewe."

"Mimi? Mimi naosha!"

"Leo pika. Kesho uoshe."

Akatoka na aproni yake mwilini. Chuo kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa mtu wa kawaida. Alipita uchochoro wa wauza mabati, akaruka mfereji, akakata katikati ya kituo cha mafuta ambapo mwenye pampu alimpigia kelele, "Mama, hapa si njia!" naye akajibu bila kugeuka, "Leo ni njia!" Maji ya maharagwe yalikuwa yanamdondokea viatuni. Kila hatua alikuwa anamwona binti yake akiwasha jiko, akibandika, akifunika. Alikuwa anahesabu: sasa wamewapanga mstari, sasa wamewagawia sufuria. Taa za barabarani zilimsimamisha, na kule kusimama kulimuuma kuliko kukimbia.

Langoni palikuwa na mlinzi, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye na kiti cha plastiki.

"Mama, mboga zinapelekwa mlango wa nyuma."

"Sileti mboga. Nina binti humo ndani, yuko kwenye mtihani."

"Wote humo ndani wana mama."

"Wote hawakutiliwa magadi!"

Mlinzi akasimama. "Kutiliwa nini? Umemtilia mtu kitu kwenye chakula?"

"Nimemtilia mwanangu!"

"Mwanao mwenyewe?" Mkono wake ulikuwa unatafuta filimbi. "Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, baba! Magadi, ya kulainishia maharagwe! Hujawahi kula maharagwe wewe?"

Ilichukua muda kuelewana. Mlinzi alionja kidogo maji ya bakuli kwa ncha ya ulimi, akatafakari, akasema mke wake naye alikuwa anatia hayo mambo na sufuria zake zote zilikuwa kama za mhunzi. Hilo ndilo lililofungua lango. "Hutaingia jikoni," alisema. "Kuna uzio pale kando, wanafunzi wanakuja kusuuza vitu bombani. Mtihani haujaanza. Dakika tano, na mimi nasimama hapahapa nasikiliza."

Binti alikuwa tayari bombani, peke yake, na vidole vyake vilikuwa ndani ya bakuli la kioo. Maji yalikuwa meusi kama ya kuoshea brashi ya rangi. Alipoinua uso na kumwona mama yake upande wa pili wa uzio, na aproni, na jasho, hakuuliza umefuata nini.

"Yanateleza kama sabuni, mama," alisema. "Nimejua nilipofunua."

"Nimeleta mengine." Alikuwa anajaribu kupitisha bakuli chini ya waya. "Haya ni ya maji matupu. Chukua, yamwage hayo."

"Siwezi. Yameshapimwa mlangoni. Namba yangu imefungwa kwenye bakuli. Nikibadilisha wananitoa."

"Sema ni mimi. Nitamwambia mwalimu mwenyewe. Mwite."

"Mama."

"Nimekuua, mwanangu. Kwa mkono wangu."

"Hujaniua. Nyamaza kidogo nifikiri."

Akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Binti alimwaga maji, akafungulia mengine, akayapikicha maharagwe taratibu kwa viganja, akamwaga. Midomo yake ilikuwa inatembea kama anayejisomea.

"Sufuria naiweza," alisema mwishowe. "Nitayasuuza mara tano. Maji ya mwisho nitayakamulia limau, tumepewa moja kila mtu. Nusu yake huku, nusu naiweka ya kusugulia sufuria. Yakichemka mara ya kwanza namwaga maji yote, naanza na mapya. Rangi nyingi itakuwa imekwenda. Sufuria sina hofu nayo." Akachota machache kiganjani, akayatazama. "Ila maharagwe yenyewe. Magadi yameshaingia ndani. Yatapasuka, mama. Mwalimu anataka kila moja na ngozi yake. Mimi sijui kuyazuia."

Hapo Kiguu na Njia alisimama. Alikuwa amesimama tangu mwanzo, lakini sasa alisimama hasa, miguu yote miwili chini, mikono imetulia kwenye waya. Mtoto alikuwa amemwuliza kitu anachokijua.

"Nisikilize. Moto mdogo, yasiruke. Yakianza kurukaruka yanagongana, ndipo yanapopasuka. Usiyakoroge kabisa, mwiko uweke mbali. Shika sufuria masikio yote mawili, uitikise."

"Chumvi?"

"Itie mapema. Wewe umefundishwa mwishoni?"

"Mwishoni."

"Leo mapema, inakaza ngozi. Muda mmeambiwa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Sahau. Hayo si maharagwe ya saa moja na nusu tena. Ukishamwaga yale maji ya kwanza, hesabu dakika ishirini na tano, kisha usiende popote. Chota moja kwenye kijiko, ulipulize. Ngozi ikiwa imetulia, rudisha. Ngozi ikijikunja kwa pumzi yako, epua hapohapo. Usingoje lingine. Usitazame wenzako."

"Wenzangu watakuwa bado kabisa."

"Waache washangae. Yatakuwa yamebakiza kidogo, yatajimalizia kwa joto lake."

"Ndani ya sufuria?" Binti alitikisa kichwa. "Hapana. Yakikaa humo ndipo mkanda unapojichora."

"Basi yahamishe, yatie kwenye bakuli lako, ufunike na sahani. Joto ni joto."

Walitazamana kupitia kwenye waya. Kengele ikalia.

"Mama, nenda kazini."

"Nakwenda."

Hakwenda. Mlinzi alimletea kiti chake cha plastiki, akashukuru, akaendelea kutembea. Kutoka kwenye kona ya uzio hadi kwenye nguzo ya taa zilikuwa hatua kumi na nne. Ukisimama kwenye nguzo, dirisha la jiko la tatu lilionekana, na mgongo wa binti ndani ya sare nyeupe.

"Mama, utanichimbia kisima hapo," alisema mlinzi.

Aliona mvuke wa kwanza. Aliona binti akimwaga maji yote kwenye sinki, na jirani yake akimtazama kama mtu aliyepotea. Aliona sufuria ikirudi jikoni. Kuanzia hapo hakuhitaji saa. Aliweka pua yake kwenye upepo. Maharagwe ya watu sita yalikuwa yanapikwa mle ndani, lakini yenye magadi aliyajua yenyewe, hata kama yamesuuzwa mara tano. Mwanzoni yananuka mbichi, kama unga uliolowa. Kisha unakuja ukimya, hakuna harufu. Kisha inakuja harufu nyingine, ya kukolea, kama karanga zinazoanza kukaangwa, na hiyo ikija una dakika chache tu.

Harufu ikaja.

Binti alikuwa ameinamia meza, anafuta kitu.

"Geuka," alisema kwa sauti ndogo. "Geuka, mwanangu, geuka."

"Hakuna kumpa ishara," alisema mlinzi. "Nimekuruhusu kutazama tu."

"Sijampa ishara. Naongea na Mungu."

Alitaka kukohoa. Kikohozi kimoja tu kingetosha, binti angekijua kikohozi cha mama yake hata katikati ya soko. Kilishafika kooni. Lakini aliukumbuka ule mkono wake ulioenda kwenye kopo wenyewe, akachukua pindo la aproni akalitia mdomoni, akaling'ata kwa nguvu.

Binti aligeuka. Akachota kijiko, akakiinua, akapuliza. Akarudisha. Akatikisa sufuria. Mama mtu aliona mabega ya mwanawe yakipanda na kushuka. Kijiko kikaingia tena, kikainuka, na safari hii binti alipopuliza hakumaliza pumzi. Aliishika sufuria, akaiepua, akayamimina yote kwenye bakuli la kioo, akafunika na sahani. Mle ndani vichwa vitano vikageuka. Mwalimu msahihishaji, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, akatazama saa ya ukutani, akaandika kitu.

"Ameandika nini?" mama mtu aliuliza.

"Mimi mlinzi," alisema mlinzi, "si darubini."

Sufuria ilikwenda kwenye sinki ikiwa bado na mvuke. Waya wa kusugulia ulikuwepo pale pembeni, aliuona, na binti hakuugusa. Alichukua nusu ya limau, akazungusha ndani, akazungusha, akasuuza, akafuta kwa kitambaa. Baadaye sana, wenzake walipokuwa wanaepua, msahihishaji alipita kwa kila mmoja. Alifika jiko la tatu. Akafunua sahani, akaonja. Akachota sahani ndogo ya maharagwe, akayatandaza, akayainamia kama mtu anayesoma barua ya siri. Kisha akaichukua sufuria, akaenda nayo dirishani, akaigeuza kuelekea jua. Mwanga ukatoka ndani yake ukaruka nje ya dirisha, ukapita juu ya uzio, ukampiga mama mtu machoni. Akafumba. Alipofumbua, msahihishaji alikuwa keshakwenda jiko la nne na uso wake haukusema kitu.

Binti alitoka saa sita, na karatasi mkononi. Alitembea polepole mno. Mama mtu alimfuata upande wa pili wa uzio, hatua kwa hatua, mpaka langoni.

"Yamepasuka saba," alisema binti.

"Saba?"

"Kwenye ile sahani yake. Ameyahesabu. Amenikata alama."

"Saba mengi?"

"Mwenzangu mmoja yamempasukia kumi na mawili, na hajawahi kuona magadi."

"Na sufuria?"

Binti akamwonyesha mstari kwenye karatasi, kidole chini yake, kama anavyoonyeshwa mtu ambaye husoma taratibu. Palikuwa pameandikwa: Chombo kimerudishwa kama kilivyotolewa.

"Sasa hiyo maana yake nini? Nzuri? Mbaya? Sema, mtoto, utaniua!"

"Nimefaulu, mama."

Kiti cha plastiki mlinzi alikuwa ameshakirudisha langoni. Kiguu na Njia alikaa. Hakukaa ukingoni, alikaa mpaka mgongo ukagusa, bakuli la maharagwe mapajani. Mlinzi aligeuka akashughulika na kufuli.

"Ungeniambia," alisema baadaye.

"Ningekuambiaje?"

"Hivyohivyo. Mama, kopo lako limeniangusha."

"Ungeumia."

"Ningeumia. Kisha ningeliweka juu ya kabati." Akafikiri kidogo. "Labda."

Binti alichuchumaa mbele yake, akatia kidole kwenye maharagwe ya bakuli, akayapima kwa kucha. "Haya yamelowa vizuri. Ya nani?"

Mama mtu aliruka juu kama kiti kimemchoma. "Mafundi! Mungu wangu, mafundi sabini! Nimemwachia Povu jiko!"

"Shangazi Povu anajua kupika?"

"Hajui hata kuchemsha yai! Twende!"

Wakatoka wote wawili, mama mbele, binti nyuma na sare yake na mabakuli mawili, na mlinzi akawapungia mkono. Kwenye kituo cha mafuta mama mtu alipunguza mwendo kidogo, binti akamfikia.

"Tukifika," alisema binti, akihema, "nitakutafutia malimau. Nitaichemshia ile sufuria yako kubwa maji ya limau. Itang'aa upya."

"Ile?" Mama mtu alimtazama kama anayetaniwa. "Ile ina rangi nyingine?"

"Ina rangi nyingine, mama."

Kiguu na Njia alitikisa kichwa, akaongeza mwendo. Alitaka kuiona.